Sauti ya Simu na Upatanisho wa Kiswahili: Uhakiki wa Amri Mpya ya Usomaji

Mwaka 2014, toleo la 5 la mfumo wa Android lilipotolewa, amri moja ya kale katika mfumo huo ilistaafishwa na nyingine ikawekwa mahali pake. Amri hiyo, iitwayo speak, ndiyo aitumiayo mtunzi wa programu ya simu anapotaka maandishi yasomwe kwa sauti. Jina lake halikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuyapokea maandishi na masharti yake. Mambo ya namna hii kwa kawaida huachiwa mafundi, na wataalamu wa lugha hupita mbali nayo. Walakini yamo katika badiliko hili mambo ambayo fundi peke yake hawezi kuyaamua, kwa kuwa ni mambo ya sarufi, na sarufi yenyewe ni ya Kiswahili.

Hoja ya uhakiki huu ni fupi. Amri mpya ni bora kuliko ya kale, kwa sababu imeyaruhusu maandishi kuchukua maelezo ya namna yapasavyo kusomwa. Lakini maelezo hayo yamepangwa kwa kufuata jinsia na hali za majina katika lugha nyingine, na ngeli za Kiswahili hazikupewa nafasi. Kwa hivyo mtunzi wa programu ya Kiswahili anayeiondoa amri ya kale na kuiweka mpya, kisha akadhani kazi imekwisha, amebadili kopo tu. Maji ni yale yale.

Amri mbili

Usomaji wa maandishi kwa sauti uliingia katika Android mwaka 2009, pamoja na toleo la 1.6. Lugha zilizokuja na injini ya kwanza zilikuwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kitaliano na Kihispania. Kiswahili hakikuwamo. Jambo hili halitajwi kwa lawama, bali kwa ukumbusho. Maana chombo hufuata umbo la kazi iliyokuwa mbele ya fundi alipokitengeneza.

Amri ya kale ilitaka mambo matatu: maandishi, agizo la foleni, na fungu la masharti. Agizo la foleni husema kama maneno mapya yatayakata yale yanayosomwa au yatangoja zamu yake. Maandishi yalikuwa mfululizo mtupu wa herufi, wala hayakuwa na njia ya kueleza kwamba tarakimu fulani ni fedha, au saa, au namba ya simu. Amri mpya yataka mambo manne. La kwanza ni maandishi, lakini sasa yaweza kupachikwa alama zisizoonekana kwa macho, zinazomwambia msomaji wa mashine namna ya kutamka. La pili ni foleni, kama zamani. La tatu ni masharti, yakiwa katika chombo kiwezacho kubeba namba pamoja na maneno. La nne ni jina la utambulisho wa kila usemi, ambalo zamani lilifichwa ndani ya fungu la masharti.

Jina hilo la utambulisho si pambo. Kwa jina hilo mfumo huiarifu programu kwamba usemi fulani umeanza, umekwisha, au umeshindikana. Mtunzi akiliacha tupu, hapati habari yo yote. Basi programu inayosoma ujumbe wa fedha bila ya jina hilo ni kama tarishi anayetupa barua dirishani akaenda zake. Hajui kama imeokotwa.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba amri ya kale haikufutwa. Imetangazwa kuwa imepitwa na wakati, lakini ikiitwa huitika. Na ndani yake huipitishia kazi amri mpya. Kwa hivyo mtunzi anayeandika amri mpya huku akiyapeleka maandishi matupu ya zamani amelinyamazisha onyo la mashine yake, wala hakuongeza kitu katika sikio la mtu. Hapo ndipo uhakiki unapoanzia: si kwamba amri imebadilishwa au la, bali kama msikilizaji ameongezewa cho chote.

Msikilizaji

Msikilizaji mwenyewe ni nani? Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kutoka Bunju na Tegeta za Kinondoni upande wa kaskazini hadi Mbagala na Chamazi za Temeke upande wa kusini, simu imekuwa mkoba, saa, na barua. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, fedha zimekuwa zikienda na kurudi kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Mwenye macho mazima akisomewa vibaya hutazama kioo cha simu akarekebisha. Mfanyabiashara asiyeona, aliyeketi kwenye meza yake sokoni Tandika, hana pa kurudi. Kwake yeye matamko ya mashine ndiyo maandishi yenyewe. Likikosewa tamko, imekosewa hesabu. Ndivyo ilivyo pia kwa mzee asiyejua kusoma. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 21 chataja haki ya kupata habari. Habari iliyosomwa kwa upatanisho mbovu au kwa saa isiyo yake ni nusu ya habari, na mara nyingine ni kinyume cha habari.

Hesabu na ngeli

Ila kubwa zaidi imo katika tarakimu. Mkono wa Mswahili huandika watu 2, miti 2, magari 2, viti 2, nyumba 2. Tarakimu ni moja. Mdomo wake husema watu wawili, miti miwili, magari mawili, viti viwili, nyumba mbili. Kila asemaye Kiswahili hufanya hivyo bila ya kufikiri, na kwa sababu hafikiri, haoni kwamba tarakimu hiyo haikumwambia cho chote. Upatanisho umetoka kichwani mwake, haukutoka katika karatasi.

Tena kanuni yenyewe haienei sawasawa. Namba zinazokubali viambishi ni ile ya 1 hadi ya 5, pamoja na 8. Sita, saba na tisa, zenye asili ya Kiarabu, hazibadiliki, wala kumi haibadiliki. Kwa hivyo viti 17 ni viti kumi na saba, lakini viti 18 ni viti kumi na vinane. Na watu 21 ni watu ishirini na mmoja. Mashine isiyojua ngeli ya jina itasema viti kumi na nane. Kosa hili halipotezi maana, lakini humfanya msikilizaji asikie lugha yake ikisemwa na mgeni kila siku, ndani ya mkoba wake mwenyewe.

Jina lenyewe laweza kuwa mbali na tarakimu. Katika sentensi kama vile, wagonjwa waliofika asubuhi ni 3, mashine hulazimika kurudi nyuma hadi mwanzo kutafuta jina. Na si kila tarakimu hutaka upatanisho. Basi namba 2 ni basi namba mbili. Darasa la 2 ni darasa la pili. Vitabu 2 ni vitabu viwili. Tarakimu ile ile imesomwa kwa njia tatu, na kinachoamua ni neno linaloitangulia.

Ni nini basi ambacho amri mpya imeleta katika jambo hili? Pamoja nayo, mwaka ule ule wa 2014, ziliwekwa alama ziitwazo TtsSpan. Kwa alama hizo mtunzi aweza kueleza kwamba tarakimu ni ya kuhesabia, au ya mpango, au ni fedha, tarehe, saa, au namba ya simu. Zaidi ya hayo, aweza kueleza jinsia ya jina linalohesabiwa, nazo ni tatu: ya kike, ya kiume, na isiyo ya kike wala ya kiume. Aweza kueleza hali ya jina, nazo ni nane, za namna wazijuazo wanafunzi wa Kilatini na wa Kirusi. Aweza kueleza umoja, uwili, au wingi. Na aweza kueleza kama kitu kina uhai au hakina.

Hapana shaka mpango huu ni kazi ya watu wenye elimu ya lugha. Mrusi atafaidika nao, na Mwarabu ataukuta uwili wake. Mswahili anapata nini? Anapata alama moja tu inayomfaa, nayo ni ile ya uhai. Alama hiyo ina thamani ya kweli, wala haifai kubezwa, kwa maana yapo majina ambayo kiambishi chake hudanganya: vipofu na viboko yana umbo la VI, lakini husemwa vipofu wawili na viboko wawili. Alama ya uhai ingeiokoa mashine hapo. Lakini ikitoka katika ngeli ya viumbe, alama hiyo imefika mwisho wake. Miti, magari, viti na nyumba vyote havina uhai. Kwa alama hiyo vyote ni kitu kimoja. Na kwa Kiswahili ni miwili, mawili, viwili na mbili. Waliopanga walijua kwamba majina ya lugha hugawanywa, lakini migawanyo waliyoiweka haifiki katika ngeli. Lugha za Kibantu husemwa na mamilioni mengi ya watu kutoka Kameruni hadi Afrika Kusini, na hesabu katika lugha hizo kwa kawaida hufuata ngeli. Kuiacha ngeli nje si kusahau lugha moja; ni kusahau ukoo mzima.

Fedha na saa

Katika fedha hatari huzidi, kwa sababu hapo kosa laweza kumtia mtu hasara. Kiswahili kina utata wa zamani ambao walimu wa hesabu wanaujua vyema. Elfu ishirini na tano ni ngapi? Mmoja ataandika 25,000. Mwingine ataandika 20,005. Wala hakuna aliyekosa. Mdomo wa mtu huondoa utata huo kwa kituo kidogo cha pumzi baada ya ishirini, au kwa kupanga upya na kusema ishirini na tano elfu. Mashine isiyofundishwa kituo hicho huzisoma hesabu hizo mbili kwa sauti moja. Aidha, muuzaji wa Mwananyamala aliyepokea shilingi 100,000 hutarajia kusikia laki moja, maana ndivyo fedha zihesabiwavyo mitaani. Alama ya fedha iliyomo katika mpango mpya hueleza kiasi na aina ya sarafu; kituo cha pumzi haikielezi.

Saa ni jambo gumu zaidi. Simu huandika 07:00, na Mswahili husema saa moja asubuhi. Alama ya saa katika mpango mpya hupokea saa na dakika kama zilivyo katika hesabu ya kimataifa, na injini isiyojua desturi ya Kiswahili itasoma saa saba. Mgonjwa wa Temeke aliyeandikiwa kufika kliniki saa 07:00, akasomewa saa saba, atafika adhuhuri, saa sita baada ya wakati wake, naye atakuwa ametii alichosikia.

Yaweza kudhaniwa kwamba dawa ni kuiamuru mashine ipunguze sita kila inapokuta saa. Dawa hiyo ina sumu yake. Waandishi wa Kiswahili nao huandika saa 1:00 asubuhi, wakiwa wamekwisha kuhesabu kwa Kiswahili. Mashine ikiondoa sita hapo italeta uharibifu mpya. Ajuaye saa iliyoandikwa imehesabiwa kwa desturi ipi ni yule aliyeiandika, yaani mtunzi wa programu na mwenye ujumbe. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa injini peke yake, hata iwe na akili namna gani.

Tahajia na msomaji asiyejua lugha

Chanzo cha matatizo haya kimo pia katika tahajia ya Kiswahili yenyewe. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha maandishi juu ya msingi wa lahaja ya Unguja, na kazi yake imewafaa wasomaji kwa muda mrefu, kwa kuwa irabu husomwa kama zilivyoandikwa. Lakini tahajia hiyo iliandikwa kwa ajili ya mtu aijuaye lugha. Haionyeshi shadda, kwa sababu msomaji aijua: barabara ipitwayo na magari ina shadda katika silabi ya tatu, na barabara yenye maana ya sawasawa ina shadda katika silabi ya pili. Haitenganishi mbuni, ndege wa nyikani, na mbuni, mtu abuniye mambo, ingawa katika neno la pili herufi ya kwanza ni silabi kamili. Mashine ndiyo msomaji wa kwanza katika historia ya Kiswahili kusoma tahajia hiyo kwa ufasaha bila ya kuelewa neno lo lote.

Majina ya mitaa ni mtihani mzuri. Chang'ombe, mahali kilipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, huandikwa kwa ritifaa. Na katika simu ritifaa ina maumbo mawili yanayofanana kwa macho, moja lililonyooka na jingine lililopinda. Injini inayolijua umbo moja tu yaweza kulichukua la pili kuwa alama ya kufunga maneno yaliyonukuliwa, ikakata jina katikati. Mtoni kwa Aziz Ali huandikwa bila ya irabu ya mwisho katika Aziz, na wakazi husema Azizi. Mambo haya ni madogo kwa mgeni. Kwa abiria asiyeona anayengoja kusikia jina la kituo chake si madogo.

Lipo kosa jingine ambalo halitokani na tahajia, bali na uzembe. Programu inapoitaka simu isome kwa Kiswahili, simu hutoa jibu: kwamba lugha ipo, au data zake hazimo, au lugha haijulikani. Mtunzi asiyelisoma jibu hilo huendelea, na aghalabu Kiswahili husomwa na sauti ya Kiingereza. Hapo pole, wake na mate hutamkwa kama maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo hizo, na msikilizaji huachwa na fumbo. Kubadili amri hakukuondoi kosa hili. Kusoma jibu ndiko kunakoliondoa.

Utamu wa sauti

Huenda ikasemwa kwamba malalamiko haya yamepitwa na wakati, kwa maana sauti za siku hizi ni nzuri mno. Ni kweli kwamba safari imekuwa ndefu. Mwaka 2005 Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitoa makala juu ya ujenzi wa usomaji wa Kiswahili kwa mashine. Programu ya eSpeak, iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, ilikipokea Kiswahili pia, ingawa sauti yake ni ngumu kama ya bati. Leo kampuni ya Microsoft hutoa sauti mbili kwa Kiswahili cha Tanzania, Daudi na Rehema, na mbili kwa Kiswahili cha Kenya, Rafiki na Zuri. Nazo hukaribia sauti ya mtu.

Walakini utamu wa sauti na usahihi wa usomaji ni mambo mawili. Sauti ya bati ikisema saa saba, msikilizaji hushuku, akauliza jirani. Sauti tamu ikisema saa saba, humwamini. Kadiri sauti inavyozidi kufanana na ya mtu, ndivyo makosa yake yanavyozidi kujificha. Tena injini zinazojifunza kwa kusikiliza usomaji wa watu zaweza kupatanisha vizuri leo na kukosea kesho, wala hakuna kanuni iliyoandikwa ambayo mtu aweza kuifungua na kuisahihisha. Uzuri wa sauti basi hauondoi haja ya kanuni, waizidisha.

Yapasayo kufanywa

Dawa haiko mbali, na sehemu yake imo katika amri mpya yenyewe. Miongoni mwa alama zilizotajwa imo moja ya namna ya maandishi, ambayo kwayo mtunzi huweka neno la kusomwa mahali pa lile linaloonekana. Kwa alama hiyo jicho laweza kuona viti 2 na sikio likasikia viti viwili. Jicho likaona 07:00 na sikio likasikia saa moja asubuhi. Pale ambapo injini ya simu haiitii alama hiyo, mtunzi aweza kutunga maandishi mawili, moja la kioo na moja la sauti, akaipelekea amri lile la pili likiwa limekwisha kuandikwa kwa maneno. Kila usemi upewe jina la utambulisho, na habari ya kushindikana ishughulikiwe, ili ujumbe usiosikika usomwe tena. Jibu la simu juu ya lugha lisomwe kabla ya neno la kwanza kutamkwa. Na programu ijaribiwe na watu wanaoitegemea kwa masikio, si na mtunzi aliyekwisha kuyaona maandishi.

Lakini mtunzi mmoja hawezi kuandika sarufi ya taifa. Ujuzi unaotakiwa upo tayari. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, huonyesha upatanisho wa majina. Na taasisi iliyoitunga ilizaliwa mwaka 1964 kutokana na Kamati ile ya 1930, kisha ikawa sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili mwaka 2009. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967. Kinachokosekana ni jedwali la usomaji: hesabu kwa ngeli, fedha kwa vituo vyake, saa kwa desturi yake, vifupisho na majina ya mahali, likiwa katika umbo ambalo mashine yaweza kulisoma na mtunzi yeyote aweza kulichukua bila ya malipo. Kazi hiyo si ya fahari, wala haitamletea mtu jina kubwa. Ni kazi ya jedwali na masahihisho, kama ilivyokuwa kazi ya tahajia.

Pamoja na hayo, wenye mamlaka juu ya mfumo wa Android wapasa kuambiwa kwa barua na kwa hoja kwamba orodha yao ya jinsia tatu haitoshi, na kwamba nafasi ya ngeli yaweza kuongezwa bila ya kuvunja kitu kilichopo. Walikubali kuistaafisha amri ya kale mara ilipoonekana kuwa nyembamba. Hawana sababu ya kukataa kuipanua mpya.

Kamati ya 1930 iliwaandikia watu waliojua kutamka. Sasa amekuja msomaji asiyejua, na kwa wengine ndiye msomaji pekee waliye naye. Mfanyabiashara wa Tandika hana haja ya kujua amri ipi imestaafishwa na ipi imewekwa. Yeye husikiliza fedha zake zikihesabiwa, na atajua kwamba kazi imefanywa vyema siku atakaposikia hesabu hiyo kwa Kiswahili, kwa ngeli zake na vituo vyake, bila ya kumwita mwenye macho aje kumthibitishia.